Shilingi Tano kwa Hisa

Kama ulizaliwa baada ya 2000, huenda hujawahi kuona watu wakipanga laini ili wanunue kampuni. Si tiketi ya mechi, si unga wa bei nafuu. Kampuni. Kati ya Machi 28 na Aprili 23, 2008, Wakenya walifanya hivyo: fomu mkononi, kitambulisho mfukoni, wakingoja kipande cha Safaricom kwa shilingi 5 kila hisa.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya tisini, simu ilikuwa ya serikali. Shirika la Posta na Simu liliuza stempu na ndilo lililovuta nyaya. Ukitaka laini nyumbani uliomba, ukangoja, na kungoja kwenyewe kungeweza kuchukua miaka. Nchi nzima ilikuwa na laini takriban 300,000. Sheria ya mawasiliano ya 1998 ikalivunja shirika hilo: barua zikaenda Posta, nyaya zikaenda Telkom, na kazi ya kusimamia soko ikapewa tume mpya, CCK. Safaricom ilikuwa mtoto wa Telkom. Mwaka wa 2000 Vodafone ya Uingereza ikaingia na asilimia 40, na 60 zikabaki za umma.

Telkom ilipouziwa Wafaransa mwishoni mwa 2007, zile 60 ziliwekwa Hazina Kuu. Hazina nayo ikaamua kuuza 25. Hisa bilioni 10, shilingi bilioni 50.

Hapo ndipo swali lilipozuka, na mimi bado naliona swali zuri: kama kampuni ni ya umma, umma unauziwa nini? Unaweza kuuziwa shamba la baba yako na bado ushukuru? Serikali ilisema mwananchi wa kawaida sasa atakuwa mwenye mali kwa jina lake. Wanasiasa wa ODM walipinga, wakitaka kwanza ijulikane nani hasa yuko nyuma ya Mobitelea, kampuni iliyosajiliwa Guernsey ambayo ilikuwa na sehemu yake ndani ya ule upande wa Vodafone.

Lakini nchi ilikuwa imetoka tu kwenye ghasia za uchaguzi. Baraza la mawaziri la nusu mkate liliapishwa Aprili 17, hisa zikiwa bado zinauzwa. Watu walitaka habari njema, na pia walikumbuka KenGen: mwaka wa 2006 hisa zake ziliuzwa kwa 11.90, na siku ya kwanza sokoni zikaruka hadi 40. Nani angekubali kuachwa mara ya pili? Kiwango cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Asiyekuwa nazo alikopa, na benki zilikuwa tayari kabisa kukopesha.

Maombi yalizidi hisa mno. Mnunuzi mdogo akagawiwa karibu moja kwa tano ya alichoomba, kwa hivyo aliyeomba 2,000 alipata kama 400. (Huo haukuwa hata nusu mkate.) Pesa zilizobaki zilirudishwa baadaye, na wakati huo riba ya mkopo haikuwa imelala.

Juni 9 hisa zikaingia sokoni na kupita shilingi 7. Sherehe haikudumu. Kabla mwaka kuisha bei ilikuwa imeshuka chini ya 5, na mapema 2009 ilikuwa chini ya 3. Mwenye deni aliuza kwa hasara. Mwenye subira, au tuseme mwenye pesa nyingine ya kula, alikaa. Mwaka wa 2021 hisa hiyohiyo ilipita shilingi 40.

Wamiliki wa Mobitelea hawakuwahi kuwekwa wazi. Yule wa hisa 400 alikuwa ameandika jina lake kamili, nambari ya kitambulisho na sanduku la posta, kisha akatia sahihi.