Makopo Yaliyovimba Yaliyozaa Taaluma

Mwaka 1895 mfanyabiashara William Lyman Underwood alibisha hodi katika chuo cha MIT, wakati huo kikiwa bado mjini Boston, Marekani. Kampuni iliyoanzishwa na babu yake ilikuwa ikiuza vyakula vya kusindika tangu miaka ya 1820, lakini sasa makopo yake ya kombe wa baharini yalikuwa yakivimba. Kopo zima huwa bapa juu na chini. Haya yalituna pande zote mbili kwa gesi iliyojaa ndani. Hasara tupu.

Profesa William Sedgwick alimkabidhi mgeni huyo kwa msaidizi wake, Samuel Prescott, kijana wa miaka 23 aliyehitimu kemia mwaka uliotangulia.

Usindikaji wenyewe haukuwa jambo geni. Mpishi Mfaransa Nicolas Appert alilipwa faranga 12,000 mwaka 1810 kwa njia yake ya kuhifadhi chakula katika chupa zilizozibwa na kuchemshwa. Alijua kwamba chakula hakiozi. Sababu hakuijua, maana Louis Pasteur, mwanasayansi aliyekuja kuonyesha kwamba vijidudu ndivyo huozesha chakula, alikuwa hata hajazaliwa. Kwa miaka 80 na ushei viwanda vingi vilikwenda kwa mazoea: chemsha, subiri, omba Mungu.

Prescott na Underwood waliingia maabara wakakuta bakteria wenye spora zinazostahimili maji ya moto. Spora zikisalimika ndani ya kopo huamka, huzaliana na kutoa gesi. Kuchemsha zaidi hakukusaidia sana, kwa kuwa maji katika sufuria la wazi hayapiti nyuzi 100. Dawa ilikuwa mvuke wenye shinikizo: nyuzi 121 kwa dakika 10, kwa wale kombe. Wakapima pia joto linavyopenya hadi katikati ya kopo, maana chakula kizito hulipitisha polepole kuliko mchuzi mwepesi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kazi ya mpishi ilipogeuka sayansi.

Hawakuchukua hataza. Walichapisha matokeo yao, na washindani wa Underwood wakayasoma bure. Chama cha wanateknolojia wa chakula cha Marekani kilipoundwa mwaka 1939, Prescott ndiye aliyekuwa rais wa kwanza.

Kijana anayetaka kusomea fani hii ya sayansi ya chakula, iwe Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, au Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, aangalie kwanza alama zake za kemia, baiolojia na hisabati. Mapishi atayakuta mbele ya safari, tena machache.