Tukutendereza: Furaha Iliyoanzia Penye Njaa

Mwishoni mwa miaka ya 1920 mashariki ya Rwanda iliingia katika njaa ambayo wenyeji waliiita Rwakayihura. Mashamba yalikauka, familia zikashika njia kuelekea Uganda, na wengi hawakufika. Huko Gahini, kwenye kilima kinachotazama Ziwa Muhazi, palikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana. Daktari wake, Joe Church, kijana wa Kiingereza aliyewasili mwaka 1928, alijikuta akihudumia wenye njaa kuliko wagonjwa. Nguvu zikamwishia, na imani nayo ikapwaya. Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika. Pale Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali, naye akiwa na kiu ileile ya kumjua Mungu kwa undani. Wakaketi na Biblia zao, wakaomba pamoja.

Wanahistoria wengi wanahesabu kutoka hapo mwanzo wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Ukiifuata historia hiyo kwa makini utaona kwamba shangwe ya Walokole, yaani waliookoka, kama walivyoitwa watu wa Uamsho huo, ambayo wengi wetu tumeizoea kwa makofi na kukumbatiana, haikuletwa na neema ya mavuno. Ilianza kwa watu waliochoka, na wala hawakungoja shida ipite ndipo waimbe.

Shangwe hiyo ilifanyaje kazi? Kiini chake kilikuwa kile walichokiita kutembea nuruni. Mtu alisimama mbele ya wenzake akakiri: aliyeiba alirudisha, aliyemchukia jirani alikwenda kubisha hodi. Tukumbuke zama zenyewe. Mzungu kumwomba Mwafrika msamaha hadharani lilikuwa jambo la kustaajabisha katika Afrika ya kikoloni, lakini pale Gahini, Church na msaidizi wake wa hospitali, Yosiya Kinuka, walijifunza kuambiana ukweli kama ndugu. Mzigo ukishatuliwa, wimbo ulifuata. Kibwagizo cha Kiganda, Tukutendereza Yesu (Tunakusifu Yesu), ambacho asili yake ni tenzi ya Kiingereza, kikavuka mipaka. Wakikuyu, Wahaya, Wajaluo na Wagogo walikiimba kwa Kiganda hichohicho, na hadi leo huimbwa hivyo.

Furaha hiyo iliwaletea pia matatizo. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walifukuzwa baada ya kukatazwa kuamka alfajiri kusali na kuhubiri, nao wakakataa kuacha. Kanisa lenyewe liliwaona wasumbufu. Naamini wakubwa wale hawakukosea kabisa, kwa maana Walokole walikuwa wepesi wa kumhukumu ndugu aliyeonekana amepoa. Lakini haikuwa busara kuwafungia mlango.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja Kenya. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na katika nchi ya Wakikuyu kila mtu alitakiwa kuchagua upande. Wengi wa ndugu wa Uamsho walikataa kiapo cha wapiganaji wa Mau Mau, wakisema waliokwisha kunywa kikombe cha Kristo hawawezi kunywa kingine. Wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali. Wakabaki katikati, wakishukiwa huku na huku, na baadhi yao wakauawa. Simnyimi haki mpiganaji wa msituni: ardhi ilikuwa imeporwa kweli, na makambi ya kizuizini yalijaa mateso. Ila ni dhuluma kuwaita vibaraka watu waliokataa silaha za pande zote mbili, wakaendelea kukutana na kuimba huku wakijua usiku unaweza kuwaletea wageni.

Kumbukumbu yao ipo Murang'a, ndani ya kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu chini ya Kilimanjaro, alichora ukutani maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi msalabani, katika mandhari ya vilima na migomba ya Ukikuyu. Anayetaka kuielewa imani ya watu wale na aanzie hapo, kabla ya kufungua vitabu.

Historia hii haipaswi kupambwa. Rwanda, mojawapo ya nchi ulikoanzia Uamsho, ilikuja kushuhudia mwaka 1994 watu wakichinjwa makanisani, na wachinjaji wengine walikuwa wabatizwa. Miaka 30 kabla ya hapo, Januari 1964, mchungaji Yona Kanamuzeyi, aliyehudumia Watutsi waliohamishiwa Bugesera, alikamatwa na askari akauawa kwenye daraja la Nyabarongo. Mwenzake aliyeachiwa ndiye aliyesimulia kwamba Yona alikwenda akiimba. Wimbo haukumwokoa Yona, wala haukuiokoa nchi yake. Ulichofanya ni kumzuia asife akiwa na chuki, na kwangu hilo si dogo.

Uganda nayo ilipata zamu yake. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, mtoto wa Uamsho kutoka Acholi, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Serikali haikutoa maiti, ikaipeleka kuzikwa kijijini kwao Mucwini. Hata hivyo, Jumapili iliyofuata maelfu walipanda Namirembe, ambako kaburi lilikuwa limechimbwa jirani na lile la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Wakamwimbia Mungu kando ya kaburi lisilo na mtu.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye katika miaka ya 1940 alifundisha shule Dodoma, alikimbia baada ya mauaji hayo pamoja na mkewe Mera, wakavuka milima kwa miguu usiku hadi Rwanda. Akiwa uhamishoni aliandika kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Wapo waliochukizwa, hasa waliofiwa, na hasira yao inaeleweka. Yeye alishikilia kwamba asiposamehe hatakuwa na la kuhubiri. Amin alipoangushwa mwaka 1979, Kivengere alirudi Kabale na kuendelea na kazi ya uaskofu hadi alipofariki mwaka 1988.