Ukoo wa vijitoni na bara lililopasuka

Mwaka 1834 Isaac Lea wa Philadelphia, bingwa wa konokono na kome, alitangaza spishi mpya ya konokono kutoka Tennessee. Aliiita Valvata arenifera, kwa kuwa gamba lake lilikuwa la mchanga. Lilijikunja kama gamba la konokono yeyote, na Lea aliyajua magamba kuliko wengi wa zama zake. Kumbe aliyelijenga alikuwa mdudu: buu wa jenasi ya Helicopsyche, ambaye hutoa hariri kinywani, akaunganisha nayo punje za mchanga, kisha akaishi humo chini ya maji hadi wakati wa kuota mbawa.

Helicopsyche ni wa kundi la trikoptera, lenye spishi zipatazo 17,000. Wakishakomaa hufanana na nondo wadogo wa kahawia, na undugu huo ni wa kweli: hakuna wadudu walio karibu zaidi na nondo na vipepeo kuliko hawa. Nondo ana vigamba kwenye mbawa, trikoptera ana vinywele. Mabuu wao karibu wote huishi majini. Wako wanaojenga nyumba za kubeba kwa mchanga au vipande vya majani, wako wanaotandaza nyavu kati ya mawe na kungoja mkondo uwaletee riziki, na wako wanaotembea bila nyumba wakiwinda. Geuza mawe ya kijito chochote safi cha Uluguru utawakuta. Mfumo wa TARISS, unaopima afya ya mito ya Tanzania kwa wadudu wake, huwatumia kama mashahidi.

Wanahistoria wa viumbe huwapenda kwa sababu hawapendi safari. Wengi huruka kwa shida, na koo nyingi hazistahimili maji ya joto wala yaliyotuama. Chumvi huwaua karibu wote, isipokuwa familia moja ya Australia na New Zealand iliyohamia baharini, ambamo yumo anayetaga mayai ndani ya kiti cha pweza! Basi ndugu wawili wakikutwa pande mbili za bahari, inabidi kuuliza walifikaje.

Herbert Ross wa Illinois alitafuta jibu milimani. Katika kitabu chake cha 1956 alidai kwamba trikoptera wa kale walikuwa wa vijito baridi vya milima, akachora miti ya ukoo tawi kwa tawi na kuilinganisha na ramani. Kwa koo za kaskazini alionyesha kwamba zilihama kati ya Asia na Amerika kupitia nchi kavu ya Bering, zaidi ya mara moja. Lakini kusini hakukuwa na Bering.

Alfred Wegener alikuwa ameshasema tangu 1912 kwamba mabara husogea, na wanajiolojia wengi walimbeza. Mwaka 1966, kutoka Stockholm, Lars Brundin alitoa ushahidi wa wadudu wengine wa vijito hivyohivyo, wafananao na mbu lakini wasiouma, wa familia ya Chironomidae. Alifuata kanuni ya Mjerumani Willi Hennig: undugu huthibitishwa na sifa mpya zilizorithiwa pamoja, kufanana kwa jumla hakutoshi. Kanuni hiyo ilimfikisha pasipotarajiwa. Wadudu wa New Zealand hawakuwa ndugu wa karibu wa majirani zao wa Australia. Undugu wa pande hizo mbili ulipitia Amerika Kusini. Kwa ramani ya leo hilo ni kichekesho. Irudishe Antaktika katikati ya Gondwana, bara kuu la kusini kabla halijapasuka, enzi ilipokuwa na misitu na mito, kichekesho kinakwisha.

Trikoptera wanatoa ushahidi uleule. Wale wa familia ya Tasimiidae wako Australia na Chile. Kokiriidae wako huko pia, na New Zealand na New Caledonia. Philorheithridae wamefika hadi Madagaska.

Afrika ina hesabu yake. Keppel Barnard, mtu wa makumbusho ya Cape Town na mpanda milima, alichapisha mwaka 1934 kazi juu ya trikoptera wa Afrika Kusini. Humo zimo Barbarochthon, Hydrosalpinx na Petrothrincus, jenasi ngeni kiasi kwamba leo kila moja ina familia yake. Petrothrincidae wana ndugu Madagaska, na hapo ndipo ninaposita kuitwika Gondwana kila mzigo. Kisiwa hicho kiliachana na Afrika yapata miaka milioni 160 iliyopita. Siku hizi umri wa koo hukadiriwa kwa vinasaba, vikisaidiwa na visukuku kama vile vya kaharabu ya Baltiki ambavyo Georg Ulmer alivieleza mwaka 1912. Umri wa Petrothrincidae ukipita miaka hiyo milioni 160, Barnard aliokota mabaki ya Gondwana. Ukipungua, Mlango wa Msumbiji ulivukwa na mdudu ambaye vitabu vinasema hawezi.