Kamba: Historia ya Wazamiaji wa Mapangoni

Asili mojawapo ya kazi ya kuzamia mapangoni ni pango la Wookey Hole, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1935 Graham Balcombe, mhandisi wa posta, na mwenzake Jack Sheppard waliingia katika maji ya pango hilo wakiwa wamevaa vazi zito la wazamiaji wa bandarini: kofia ya chuma kichwani, buti za risasi miguuni, na mpira wa hewa uliowafuata nyuma. Hawakuogelea. Walitembea juu ya sakafu ya mto. Mpira ule ulikuwa pumzi yao, na ulikuwa pia njia yao ya kurudia, kwani aliyeufuata alitoka.

Mwaka 1946 pumzi na njia viliachana. Jacques Cousteau na Frédéric Dumas walishuka katika chemchemi ya Vaucluse, Ufaransa, wakiwa na mitungi mgongoni. Kilichowaunganisha na walio juu ni kamba tu, na aliyeishika ni Maurice Fargues. Mashine iliyojaza mitungi ilikuwa imevuta moshi wake yenyewe, hivyo hewa ikawa na sumu, na huko chini akili zikawalewa. Kamba ilipotikisika Fargues alidhani wanaomba nyingine, akawalegezea. Baadaye moyo wake ukakataa, akavuta. Ndiyo maana walipona.

Ugomvi wote uliokuja baadaye katika kazi hii, ukiufukua, chini yake utaikuta ama kamba ama pumzi. Mzamiaji wa baharini akipatwa na jambo ana uso wa maji juu yake. Wa pangoni juu yake ni jiwe. Na sakafuni kuna tope laini ajabu: teke moja baya la pezi, na maji yaliyokuwa kama kioo yanageuka uji. Asiyekuwa na kamba mkononi saa hiyo hajui kulia wala kushoto.

Hayo waliyajua kwa msiba watu wa Florida, Marekani, ambako chemchemi ni nyingi na maji yake yanaita. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wengi walizamia humo wasitoke tena. Mmoja aliyekua katikati ya misiba hiyo ni Sheck Exley, mzaliwa wa mwaka 1949, ambaye akiwa na miaka 23 alikuwa ameshazamia mapangoni mara zaidi ya 1,000. Rekodi zake za kina zilimpa jina, lakini mimi namheshimu zaidi kwa kitabu kidogo cha mwaka 1979. Humo alizichukua ajali moja baada ya nyingine na kuuliza kila mara: huyu alikufa kwa kukosa nini? Sababu tatu zikawa zinarudi. Hakukuwa na kamba isiyokatika hadi nje. Hewa ya kurudia haikuwekwa akiba. Na watu walikwenda chini mno kwa hewa ya kawaida, ambayo naitrojeni yake hulevya.

Kanuni ya akiba ni ya theluthi. Geji ikisoma 210, unatumia 70 kuingia. Ikifika 140 unageuka, hata kama mbele yako pana mlango ambao hakuna binadamu aliyewahi kuuona. Theluthi ya pili ni ya kutokea, na ya tatu ni ya mwenzako, endapo ataishiwa palepale mlipogeukia. Wengi hulalamika kwamba haitoshi, kwani mwenye hofu huvuta pumzi maradufu. Wana haki. Hesabu ile imekatwa sawasawa, haina hata punje ya ziada.

Kwenye kamba wazamiaji wakabana vishale vya plastiki, kimoja kidogo kuliko kiganja. Tope likitibuka tochi haifai kitu, mkono ndio jicho. Kidole gumba na cha shahada vinateleza juu ya nailoni mpaka viguse plastiki, kisha vinatafuta ncha, na ncha inaonyesha upande wa kutokea. Maisha ya mtu yamo katika pembe ile ndogo chini ya ukucha.

Australia nayo ilipata fundisho lake karibu na mji wa Mount Gambier. Mei 1973 wazamiaji wanne walifia katika shimo moja liitwalo The Shaft, na mwaka huohuo wenzao wakaunda chama cha kupima watu kwa madaraja kabla ya kuwaruhusu kuingia.

Waingereza walifuata njia yao. Mapango yao ni membamba, baridi na machafu. Kwa hiyo waliifunga mitungi ubavuni, kila mmoja na regulata yake, yaani kifaa cha kuvutia pumzi, na wakazoea kuzamia peke yao, kwani mahali pa kupita kwa tumbo mwenzako hawezi hata kugeuka, sembuse kukupa pumzi. Wamarekani waliona huo ni wazimu. Wao waliunganisha mitungi miwili mgongoni kwa bomba lenye vali katikati, wakaenda kwa timu. Kila upande ulizungumza kwa pango lake, na sidhani kama yupo aliyekosea. Julai 2, 2018, katika pango la Tham Luang nchini Thailand, Rick Stanton na John Volanthen, waliolelewa katika mtindo huo wa Kiingereza, walitembea na kamba gizani mpaka wakasikia harufu ya wavulana 12 na kocha wao, waliokwama humo, kabla hawajawaona.

Ugomvi mkali kuliko yote ulikuwa wa mpira. Florida walianza kutumia mpira mrefu wa regulata, wa takribani meta mbili, ili wawili wagawane mtungi wakipita mmoja nyuma ya mwingine. Swali likawa: mpira huo uvutwe na nani? Kundi lililochora mapango ya uwanda wa Woodville, chini ya George Irvine pamoja na Jarrod Jablonski, lilisema uvutwe na mwenyewe, na regulata ya akiba ining'inie chini ya kidevu. Mtu aliyekosa pumzi haombi. Hunyakua ile anayoiona ikitoa mapovu, yaani iliyo kinywani mwako, na hiyo ndiyo yenye hakika ya kufanya kazi. Wapinzani walijibu kwamba kumvua mzima pumzi yake ni kuwafanya wasio na hewa kuwa wawili. Katika hili mimi nasimama na kundi la Woodville, na leo wazamiaji wengi wa mapangoni huvaa hivyo. Lakini walidai pia kila mtu avae kama wao tangu bizimu hadi pezi, na asiyekubali alitukanwa. Matusi yale yaliumiza, yakawafanya wengine waukatae ukweli kwa sababu ya mdomo uliousema.

Tena kundi hilo lilikuwa na kidonda. Novemba 1991 mmoja wao, Parker Turner, alikuwa akirudi kutoka ndani ya Indian Springs, akakuta mchanga umeporomoka, njia imezibwa na kamba imefukiwa. Mwenzake alitoka hai, yeye hakutoka. Shimo jingine la maji likapewa jina lake, na mwaka 2007 Jablonski na Casey McKinlay walizamia kutoka hapo hadi chemchemi ya Wakulla, kilomita 11 hivi chini ya ardhi.

Exley alifariki Aprili 6, 1994, katika shimo la Zacatón, Mexico, akiwa chini zaidi ya meta 260. Kamba yake ilipovutwa siku kadhaa baadaye alikuja nayo, imemzunguka.

Desemba mwaka huohuo kijana Deon Dreyer alipotelea Boesmansgat, Afrika Kusini. Oktoba 2004 rubani Dave Shaw aliuona mwili wake kwenye meta 270, akawaahidi wazazi kuwarudishia mtoto wao. Shaw na mwenzake Don Shirley walitumia mashine zinazosafisha pumzi ya mtu na kuizungusha tena, chombo kisichopoteza gesi lakini kisichomvumilia anayehema kwa nguvu, kwa kuwa hewa chafu humjaa mwilini. Januari 8, 2005, kidhibiti cha mashine ya Shirley kilipasuka kwa mgandamizo, akapanda akiiendesha kwa mkono, muda wa zaidi ya saa 12. Shaw alifika kwa Dreyer. Kofia yake ilikuwa na kamera, na kamera ilionyesha yote: ameiweka tochi kando ili mikono iwe huru, waya wake ukanaswa na kamba, naye akaanza kuhangaika, pumzi zikienda mbio, mpaka zikanyamaza.

Siku nne baadaye watu walikuja kuvuta vifaa vilivyobaki. Kamba ilipopanda, Shaw alipanda nayo, na chini yake, akining'inia kwenye kamba ileile, alikuwa Dreyer.