Kabla Hujanunua Zawadi Kyoto, Soma Stori ya Mafundi Hawa

Kuna ngazi moja pale Kyoto, Japani, inaitwa Sannenzaka. Iko kwenye njia ya kwenda hekalu la Kiyomizu, na pande zote mbili ni maduka ya zawadi tupu. Wenyeji wana imani ya zamani: ukijikwaa ukaanguka pale, humalizi miaka mitatu, unakufa. Kinga yake ni nini? Kibuyu. Na kibuyu kinauzwa wapi? Hapo hapo chini ya ngazi! Biashara akili, bana.

Watalii wanacheka, wanapiga picha, wanalipa, wanasepa. Bakuli za chai, vipepeo vya kukunja, vitambaa vya hariri, vyote vinaingia kwenye begi. Mtu ambaye hakuna anayemuuliza ni yule aliyekaa chini akavitengeneza. Na ukifuatilia historia ya mji ule, utakuta ni watu hao hao wasiojulikana majina ndio waliouokoa, tena zaidi ya mara moja. Kila wateja wao walipopotea, walitafuta wateja wapya, ila ufundi hawakuuacha.

JINA LILILOTOKANA NA VITA

Kyoto ulikuwa mji mkuu wa Japani tangu mwaka 794. Mfalme yuko pale, matajiri wako pale, kwa hiyo fundi wa hariri alikuwa na uhakika wa kula. Halafu ikaja vita. Kuanzia 1467 mpaka 1477 makundi mawili ya mabwana wa vita yalipigana ndani ya mji wenyewe, na sehemu kubwa ikateketea kwa moto. Wafumaji wakakimbia, wengine wakaenda mpaka mji wa bandari wa Sakai.

Vita vilipoisha wakarudi. Wakaweka mitambo yao ya kufumia kwenye eneo ambalo jeshi la upande wa magharibi lilikuwa limepiga kambi. Mtaa ukaitwa Nishijin, maana yake kambi ya magharibi. Leo ukisikia "hariri ya Nishijin", bei yake inakutoa jasho, lakini jina ni la kambi ya jeshi tu.

UPATU WA SAFARI

Sasa hii tabia ya kurudi na zawadi ilianzaje? Zama za Edo, yaani kati ya miaka ya 1600 na 1868, mtu wa kawaida hakuwa na uhuru wa kusafiri ovyo. Sababu iliyokubalika kirahisi ilikuwa kwenda kuhiji, hasa kwenye madhabahu ya Ise. Nauli sasa? Wanakijiji walicheza kitu kama upatu: kila mtu anachangia, wanapiga kura, anayeshinda anasafiri kwa niaba ya wote. Wengi wakishafika Ise waliunganisha mpaka Kyoto.

Hebu jiweke kwenye viatu vya huyo msafiri. Umekula michango ya kijiji kizima, utarudi mikono mitupu? Haiwezekani. Zawadi ilikuwa deni. Ila pia unatembea kwa miguu siku nyingi, kwa hiyo huwezi kubeba mtungi. Mafundi wa Kyoto walilijua hilo. Wakauza vitu vyepesi: sindano za kushonea, vipepeo vya kukunja, vitu vinavyoingia kwenye mfuko na kufika kijijini vikiwa vizima.

MFALME ANAHAMA

Pigo kubwa likaja mwaka 1869. Mfalme akahamia Tokyo, na wakubwa wakamfuata. Fikiria fundi ambaye familia yake imefuma nguo za ikulu vizazi kwa vizazi, anaamka asubuhi ikulu haipo.

Mji haukulala. Mwaka 1872 Kyoto ilifanya maonyesho makubwa ya bidhaa, na wageni kutoka nje, ambao siku hizo hawakuruhusiwa kutembea ndani ya nchi wanavyotaka, wakapewa kibali maalum. Wasichana wa mtaa wa Gion wakaandaliwa ngoma ya kuwaburudisha wageni, na ngoma ile inachezwa mpaka leo kila mwezi Aprili. Mwaka huo huo ikafunguliwa barabara ya maduka ya Shinkyogoku. Leo ukipita pale unakutana na wanafunzi wa ziara za shule wamejazana wananunua zawadi za nyumbani.

Tena mwaka huo huo wa 1872, wafumaji watatu wa Nishijin walipandishwa meli kwenda Lyon, Ufaransa. Walitumwa kujifunza mtambo wa Jacquard, unaoongozwa na kadi zenye matundu. Kwenye mtambo wa zamani, fundi alihitaji mtu wa pili aliyekaa juu akivuta nyuzi ili maua yatokee. Kadi zilifanya kazi ya yule mtu.

Wawili walirudi salama mwishoni mwa 1873 na mitambo. Wa tatu alibaki nyuma aongeze ujuzi. Machi 1874 meli aliyopanda ilizama karibu na rasi ya Izu, akiwa ameshaingia maji ya kwao. Alifia huko. Ujuzi wa wenzake ndio ulioifanya Nishijin isimame tena.

Na bado walipigwa tena. Julai 1940, wakati wa vita, serikali ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza bidhaa za anasa. Hariri yenye nyuzi za dhahabu ikawa kosa. Vita vikaisha, wakaanza upya.

MPAKA KABATI LA BIBI

Usidhani haya mambo yako mbali. Karne ya 20, kanga nyingi zilizovaliwa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zilichapwa Japani. Kanga ina maneno, pengine na alama ya mfanyabiashara aliyeagiza. Jina la aliyesimama kiwandani akaichapa hutalikuta.

UNANUNUA NINI SASA?

Leo maduka ya Kyoto yamechanganyika. Kuna kazi ya mkono, na kuna mali ya kiwandani iliyopachikwa sura ya kizamani. Zote zinapangwa rafu moja. Mwaka 1974 Japani ilipitisha sheria ya kulinda ufundi wa asili. Ili kitu kitambulike, kiwe cha matumizi ya kila siku, sehemu kubwa itengenezwe kwa mkono, na mbinu pamoja na malighafi ziwe za tangu zamani. Kilichopita kinaweza kubandikwa alama maalum. Hariri ya Nishijin imo, bakuli za Kiyomizu zimo, vipepeo vya Kyoto vimo.

Tatizo ni kwamba mafundi wanazeeka, na kijana hawezi kukaa miaka akijifunza kazi isiyomlipa. Vita haikuwamaliza, kuhama kwa mfalme hakukuwamaliza. Mteja anayechukua cha bei rahisi bila kuuliza anaweza kuwamaliza taratibu, tena huku anatabasamu kwenye picha.

Si lazima ununue hariri ya mamilioni. Kipepeo kimoja au bakuli moja ya chai inatosha. Ila kabla ya kulipa, muulize muuza duka swali moja: hiki kimetengenezwa wapi, na nani? Akikujibu kwa kujiamini, mlipe. Akianza kuangalia pembeni, rudisha kwenye rafu.

Na wewe je, kile kinyago au kikapu ulichopeleka kwa wageni mara ya mwisho, unamjua aliyekitengeneza?