Kutoka Kidahizo hadi Jedwali: Historia Fupi ya Kutafuta Neno

1. Utangulizi

Tatizo la kutafuta neno la Kibantu ni kongwe kuliko kompyuta. Neno hubeba viambishi mwanzoni, ilhali kamusi hupangwa kwa herufi ya mwanzo. Katika kamusi ya Frederick Johnson ya 1939, nomino nyingi zitokanazo na vitenzi ziliwekwa chini ya vitenzi hivyo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotayarishwa na TUKI na kutolewa mwaka 1981, iliorodhesha nomino kwa herufi ya kiambishi chake. Utaratibu wa kwanza ulihifadhi ukoo wa maneno. Wa pili ulimrahisishia msomaji kazi. Karatasi haikuweza kutoa yote mawili kwa wepesi.

2. Majedwali yanayohusiana

Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, alipendekeza kwamba data ihifadhiwe katika majedwali yanayohusiana: kila jambo liandikwe mahali pamoja, na majedwali yaunganishwe kwa vitambulisho.

Hata hivyo, mpango huo peke yake hautoshi. Anayeiamuru kompyuta itafute herufi *pik* popote ndani ya neno atapewa *pikipiki*, lisilohusiana na jikoni, na atakosa *mpishi*, kwa kuwa *k* imegeuka *sh*. Tena utafutaji huo ni wa polepole. Faharasa ya kawaida ya hifadhidata hupangwa kuanzia herufi za mwanzo, kama kamusi. Asiyezitaja hulazimisha mashine ikague maneno yote, moja baada ya jingine.

Ufumbuzi ulitoka katika mofolojia. Kwa kutumia mfumo wa kanuni uliobuniwa na Kimmo Koskenniemi mwaka 1983, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliunda kichanganuzi cha maneno ya Kiswahili, akakieleza katika makala ya 1992. Uchanganuzi ukifanywa mapema, *alipika* na *hupikwa* hupewa namba ya kidahizo *pika*, na *mpishi* huunganishwa nacho kwa kiungo cha mnyambuliko. Utafutaji huanzia jedwali dogo la vidahizo, ndipo hufuata namba hadi jedwali kubwa la matini.

3. Mfano wa Migato

Kisukuma huongeza ugumu. Kina irabu 7, dhidi ya 5 za Kiswahili. Kwa hiyo kila neno lahitaji maumbo mawili katika jedwali: moja lenye irabu kamili, jingine la herufi za kawaida, litakalotumika katika kutafuta.

Hata mahali huhitaji jedwali. Kata ya Migato ilikuwa katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, Migato iliingia katika wilaya mpya ya Itilima. Ikiwa jina la mkoa limeandikwa ndani ya kila rekodi ya neno, anayetafuta maneno ya Simiyu hatayaona yaliyokusanywa huko kabla ya mwaka huo. Migato ipewe namba moja isiyobadilika, na majina ya wilaya na mikoa yawekwe katika jedwali lake pamoja na miaka yake.

4. Hitimisho

Neno lisilopatikana huhesabiwa kuwa halipo. Mwanaisimu anayedai kwamba neno fulani halitumiki Migato hana budi kwanza kuthibitisha kwamba hifadhidata yake ilikuwa na uwezo wa kulipata.