Risasi Kuukuu: Tangu Tanga 1914 Hadi Mbagala 2009

Ndugu Mhariri ameniomba habari ya historia, nami nimechagua jambo ambalo wengi hulipita kama takataka, yaani risasi na makombora yanayobaki baada ya vita, au yanayozeeka ghalani bila kupigwa. Nimelichagua kwa kuwa wengi wetu tuliosoma hapa tumejenga Mbagala, Tandika, Gongo la Mboto na Kawe, na wadogo zetu mlioko madarasani sasa mnatoka huko huko. Ninauliza swali moja tu: kitu cha namna hii kina thamani gani, na nani huipima?

Tuanze na Tanga. Mwezi Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi kutoka India, likashindwa na jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, ambalo wapiganaji wake wengi walikuwa askari Waafrika. Waingereza waliporudi melini waliacha nyuma, kwa hesabu ya Lettow-Vorbeck mwenyewe, bunduki za kutosha makampuni matatu, bombomu 16 na risasi 600,000. Ili kuelewa furaha ya Wajerumani, yatupasa kujua kwamba makampuni yao mengi yalikuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871, zenye baruti itoayo moshi mzito. Askari akipiga mara moja, adui amekwisha jua alipo. Risasi za Waingereza hazikuwa na moshi ule. Basi thamani ya mzigo ule haikuwa ya fedha, ilikuwa ni uhai wa yule askari aliyelala nyuma ya mnazi.

Aprili 1915 meli moja ya Wajerumani iliyobeba silaha ilifuatwa na manowari ya Waingereza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikapigwa na kuzama. Wajerumani wakapeleka wapiga mbizi, wakaitoa shehena majini. Risasi zilikuwa zimeloa maji ya chumvi, ikabidi zifunguliwe, baruti isafishwe na kukaushwa, kisha zifungwe upya. Vitabu husifu werevu wa jemadari. Mimi huwafikiria zaidi wale waliokaa kitako wakifungua risasi moja baada ya nyingine, ambao sijaona jina lao hata moja likiandikwa.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Tabora. Mwaka 1916 njia ya bahari ilikuwa imefungwa na fedha za sarafu zimeadimika. Wajerumani wakachukua maganda ya makombora na mabaki mengine ya shaba, wakayapeleka kwenye karakana ya reli, wakapiga sarafu za heller 5 na heller 20. Zina alama ya taji, mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Hivyo ganda lililokwisha ua likaenda sokoni kununua mtama! Mwezi Septemba mwaka huo huo Wabelgiji waliuteka mji, na sarafu zile zikabaki mikononi mwa watu. Leo wakusanyaji wa sarafu huzinunua kwa bei kubwa kuliko shaba yake.

Vijana wanaopenda historia wajue pia kuwa ganda la risasi lina maandishi kitakoni. Herufi K peke yake kwenye risasi za Waingereza ni kiwanda cha Kynoch, na KF ni kiwanda cha Kirkee huko India. Namba ya Kirumi VII ni aina ya risasi iliyoanza kutumika mwaka 1910. Risasi za Kichina, zilizoenea nchini baada ya jeshi letu jipya kuundwa mwaka 1964, kwa kawaida zina namba ya kiwanda na namba ya mwaka tu. Katika kazi yangu ya serikali nimepita mara nyingi penye mizani za wanunuzi wa chuma chakavu huko Temeke. Hakuna asomaye maandishi hayo. Shaba ni kilo, basi.

Hapo ndipo penye hatari. Ganda tupu ni shaba. Risasi ambayo fataki yake haijagongwa, au kombora ambalo halikulipuka, si shaba hata kidogo. Baruti ya kisasa huoza polepole, na joto kama la pwani yetu huharakisha kuoza huko, hata ikaweza kujiwasha yenyewe. Kwa hiyo ghala la zamani lina bei ya namna yake: kulipima, kulilinda, na mwisho kuliharibu. Kwa maoni yangu hesabu hiyo ilichelewa sana kupigwa, si kwetu tu. Lagos mwaka 2002 ghala lililipuka, watu zaidi ya 1,000 wakafa. Maputo ikafuata mwaka 2007, na Brazzaville mwaka 2012.

Kwetu ilikuwa tarehe 29 Aprili 2009 katika kambi ya Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011 usiku katika kambi ya Gongo la Mboto. Kila mara watu zaidi ya 20 walipoteza maisha na nyumba nyingi zikabomoka. Usiku ule wa Gongo la Mboto watoto walipotezana na wazazi wao, na maelfu wakakimbilia Uwanja wa Uhuru. Wako wanaolaumu kambi kuwekwa kati ya watu. Lakini tukumbuke kuwa mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 270,000; mwaka 2012 walizidi milioni 4.3. Kambi zilikuwa nje ya mji, mji ukazifuata. Sisi wenyewe tulinunua viwanja vile kwa sababu vilikuwa rahisi.

Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 imeelekeza silaha za ziada ziharibiwe kwa usalama, na sheria yetu ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kuuza risasi bila leseni.

Mwenye sarafu ya T nyumbani kwa babu yake tafadhali aje nayo siku ya mkutano wetu, tuione. Lakini kitu chochote chenye fataki nzima kisiguswe wala kisiletwe: kiachwe pale pale kilipo, na polisi waitwe.